Rambo Liliondoka Mlangoni, Likarudi Dirishani: Sera Hutengenezwaje na Hupimwaje?

Taja neno "sera" kwenye kijiwe cha kahawa, kisha kaa pembeni usikilize. Mmoja atasema sera ni ahadi za chama wakati wa kampeni. Mwingine atakwambia sera ndiyo sheria yenyewe, ila imeandikwa kwa maneno mengi. Wa tatu, na huyu ndiye huwa na sauti kubwa, atasema sera ni makaratasi ya wizarani yanayoishia kufungia maandazi. Kahawa itakwisha, ubishi utabaki.

Badala ya kuwaamua kwa nadharia, nachukua kitu ambacho kila mmoja wao amewahi kukishika: mfuko wa plastiki. Rambo. Malboro, kwa waliouita hivyo. Waganda waliuita kaveera, Wakenya juala, na wengine wao waliuita karatasi japo hakuna karatasi yoyote ndani yake. Kitu hicho chepesi, kinachopeperuka hata kwa upepo wa feni, kimepita kila hatua ambayo sera inaweza kupita. Kilitangaziwa kifo, kikasamehewa, kikapigwa marufuku kwelikweli, kikatoroshwa mipakani, na mwisho kikaonekana tena sokoni kwa jina jingine. Ukiifuata safari yake unaelewa namna serikali zinavyoamua mambo, na pia kwa nini uamuzi mzuri unaweza kuchanika mkononi mwa muuza nyanya.

Kwanza tuyatenganishe maneno

Sera ya umma ni uamuzi wa serikali kuhusu tatizo linalowagusa watu wengi: tatizo lenyewe ni lipi, inataka kufika wapi, itapita njia gani na nani atagharamia. Hata kunyamaza ni sera. Serikali inayojua kwamba mifereji imeziba, kisha ikaendelea na mambo mengine, imeshaamua ingawa hakuna aliyetia saini.

Chukulia nyumba ya kawaida. Hali imekuwa ngumu, baba na mama wanakubaliana kwamba mwaka huu wanabana matumizi ili wamalizie kupaua nyumba. Hiyo ni sera. Kutokana nayo linatoka agizo kwamba nyama italiwa Jumapili tu; hiyo tuiite sheria. Kisha mama, maana ndiye mwenye jiko, anafafanua: Jumapili ni nusu kilo, na mgeni akija katikati ya wiki achinjiwe kuku wa bandani. Hizo ni kanuni. Na tamko? Tamko ni baba kutangaza mezani, mbele ya wajomba, kwamba nyumba hii sasa imebadilika. Linapigiwa makofi, lakini lenyewe halipunguzi bei ya nyama hata shilingi.

Sasa iweke Tanzania Bara katika mfano huo. Sera ya Taifa ya Mazingira ilitoka mwaka 1997 (toleo linalofuata ni la 2021). Ilieleza mwelekeo, haikumtoza mtu hata senti. Miaka saba baadaye Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na sheria hiyo ikampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba Mei 31 ingekuwa siku ya mwisho ya mifuko ya plastiki. Hilo lilikuwa tamko. Mwezi uliofuata zikachapishwa kanuni zenyewe, Tangazo la Serikali Na. 394 la mwaka 2019, na ni hizo, kuanzia Juni 1, zilizompa ofisa nguvu ya kukutoza faini. Kwa hiyo mtu akikukamata sokoni na kukwambia "umevunja sera", muulize kwa adabu ni kanuni ipi. Sera haivunjwi na mwananchi. Anayeweza kuivunja ni serikali yenyewe, kwa kutoitekeleza.

Kuna dhana nyingine iliyoenea: kwamba Bunge ndilo linalopitisha sera. Kwa Tanzania, rasimu huandaliwa na wizara husika, huzungushwa kwa wadau, huchambuliwa na kamati ya makatibu wakuu, kisha Baraza la Mawaziri ndilo huidhinisha. Bunge huingia panapohitajika sheria au fedha. Kenya nayo, tangu Katiba ya 2010, imeufanya ushirikishaji wa umma kuwa sharti, na mahakama za huko zimewahi kutengua sheria kwa hoja kwamba wananchi hawakusikilizwa ipasavyo. Hapo ndipo "wadau" wanapoacha kuwa neno la kwenye semina lenye posho na chai ya saa nne.

Tatizo ni lipi hasa?

Hatua ya kwanza ya kutengeneza sera inaonekana nyepesi kuliko zote, nayo ndiyo yenye vita kali: kulipa tatizo jina.

Mwulize mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, tatizo la rambo ni nini. Atakuonyesha mfereji uliozibwa na alama ya maji ukutani kwake. Mwulize mfugaji, atakusimulia ng'ombe aliyekonda bila ugonjwa, na walipompasua wakakuta tumbo limejaa mifuko. Mvuvi atazungumzia nyavu. Kisha mwulize mwenye kiwanda cha plastiki. Yeye atashangaa: mfuko una kosa gani? Mfuko haujitupi. Tatizo, atasema, ni watu wasiostaarabika na halmashauri zisizozoa taka.

Wote wanne wanasema kweli. Ila kila jina la tatizo limebeba dawa yake ndani. Ukisema tatizo ni mfuko, dawa ni kuuondoa mfuko. Ukisema tatizo ni mtupaji, dawa ni elimu na faini. Ukisema tatizo ni uzoaji wa taka, dawa ni magari, madampo na bajeti, na mwenye kiwanda anaendelea na shughuli zake kwa amani. Ndiyo maana watu wenye maslahi hupigania jina la tatizo mapema, kabla wananchi hawajajua kuwa kuna mjadala. Suluhisho likifika hadharani, mambo mengi yameshaamuliwa.

Nikiulizwa mimi, mwenye kiwanda alikuwa na hoja nzito kuliko alivyopewa. Mifuko ni sehemu tu ya taka zinazoziba mifereji; chupa zipo, nguo kuukuu zipo, mchanga upo. Lakini serikali ina sababu ya kuchagua mfuko: kuondoa kitu kimoja kunawezekana kwa kanuni ya kurasa chache, ilhali kujenga mfumo wa kuzoa taka wa jiji zima kunahitaji fedha za miaka mingi. Sera nyingi huzaliwa hivyo. Serikali hushika kinachoshikika, na mara nyingi si kile kikubwa kuliko vyote.

Jahazi husubiri maji

Kama madhara yalijulikana siku nyingi, kwa nini ilikuwa 2019?

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2006 aliyekuwa Makamu wa Rais, Ali Mohamed Shein, alitangaza katazo la mifuko ya plastiki. Mwaka huohuo Zanzibar nayo ikatangaza lake. Visiwani jambo lilishikwa kwa uzito zaidi, kwa kuwa uchumi wa utalii haupendi fukwe zenye makaveera. Bara, tangazo lile halikufika mbali. Kilichobaki kwa miaka mingi ni masharti ya unene wa mfuko, na masharti hayo, kama tutakavyoona, yalikuwa na ugonjwa wake. Kenya nayo ilijaribu mwaka 2007 na tena 2011, ikashindwa, kabla ya kufaulu mwaka 2017.

Mwanazuoni wa Marekani, John Kingdon, aliwahi kueleza jambo hili kwa mfano wa mikondo mitatu inayotiririka kila mmoja kivyake: mkondo wa matatizo, mkondo wa mawazo ya kuyatatua, na mkondo wa siasa. Sera hutokea mikondo hiyo inapokutana, na haikutani kwa muda mrefu. Mtu wa pwani hahitaji profesa ili aelewe hilo. Jahazi halitoki bandarini kwa kuwa nahodha ana nia njema. Linasubiri maji yajae, upepo wa msimu ugeuke na mzigo uwe tayari. Kimoja kikikosekana, mabaharia wataendelea kucheza bao.

Mwaka 2006 tatizo lilikuwapo na nia ilisemwa, lakini wenye viwanda walikuwa na hoja ngumu kuijibu: nani amefanya hivi akafanikiwa? Kufikia 2019 hoja hiyo ilikuwa imekufa. Rwanda ilikuwa na sheria ya kukataza mifuko hiyo tangu 2008. Kenya, nchi yenye viwanda vingi vya plastiki kuliko majirani zake, ilikuwa imekataza tangu Agosti 28, 2017. Na ndani ya Tanzania kwenyewe kulikuwa na jaribio ambalo watu wamelisahau: Machi 1, 2017 pombe za viroba, zile za vifuko vya plastiki, zilipigwa marufuku, na hazikurejea. Serikali ilikuwa imejionea kwamba inaweza kuua bidhaa ya plastiki iliyozoeleka mitaani.

Unaona, basi, kwa nini swali la "mbona hawakufanya siku zote hizo?" halina jibu la neno moja.

Mikroni 30 na askari wa sokoni

Serikali ikishalipa tatizo jina na maji yakajaa, inabidi ichague zana. Hapa ndipo uchambuzi wa sera unapokuwa mtamu, kwa sababu nchi mbalimbali zilishika zana mbalimbali dhidi ya adui mmoja.

Zana ya kwanza ni kiwango cha unene. Uganda mwaka 2009 ilikataza kaveera yenye unene chini ya mikroni 30. Kwenye karatasi wazo lina akili: mfuko mzito ni ghali, ukiwa ghali hautolewi ovyo, na unaweza kutumika tena. Lakini mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mwako una mikroni 70 hivi. Sasa mweke askari katikati ya soko la Owino, Kampala, saa tano asubuhi, watu wamebanana, umwambie atenganishe mfuko wa mikroni 28 na wa mikroni 32. Atafanyaje? Atafumba macho, au atakamata kila mtu, au ataelewana na muuzaji pembeni. Katazo la Uganda liliishi kwenye vitabu wakati kaveera ikiendelea kuishi mitaani, na mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya huko ilibidi ianze tena kupambana na kitu kilichokwisha katazwa. Bara nako masharti ya unene yaliumwa ugonjwa huohuo.

Wachambuzi husema sera lazima "itekelezeke". Kwa lugha ya sokoni: mtu wa chini kabisa katika mnyororo, mwenye mshahara mdogo kuliko wote, aweze kuona kosa kwa macho yake bila mashine. Katazo kamili lina sifa hiyo. Rambo lolote ni kosa, iwe jembamba au nene. Nadhani hiyo, kuliko ukali wa adhabu, ndiyo sababu kubwa ya Rwanda, Kenya na Tanzania kufika mahali ambapo Uganda haikufika.

Zana ya pili ni bei. Ireland, Machi 2002, ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko unaotolewa dukani, na kwa muda mfupi matumizi yakashuka kwa takriban asilimia 90. Hakuna aliyefungwa. Watu walianza tu kukumbuka kapu nyumbani. Afrika Kusini ilijaribu njia inayofanana mwaka 2003, ikichanganya unene na malipo. Mwanzoni matumizi yalishuka sana, kisha bei ya mfuko ikapunguzwa, wanunuzi wakaizoea, na mifuko ikapanda tena. Zana moja, mwisho mbalimbali.

Basi kwa nini sisi hatukutoza tu? Fikiria mahali Mwairishi anaponunua nyanya: dukani, penye mashine ya risiti, ambapo kila mfuko unaandikwa na tozo yake kukusanywa. Sasa fikiria soko la Tandale, Dar es Salaam. Fungu la nyanya limepangwa juu ya kiroba, muuzaji ana pochi kiunoni, hana risiti wala hesabu ya mifuko aliyotoa tangu asubuhi. Tozo ya mfuko pale ingekusanywa na nani? Sera haiazimwi kama kanga ya jirani. Kabla hujaibeba, angalia kama nyumbani kwako kuna kamba ya kuianikia.

Zana ya tatu, elimu kwa umma, hupendwa sana na viongozi kwa kuwa haina adui. Kwa sababu hiyohiyo peke yake haifanyi kazi kubwa. Watu walijua vizuri kwamba rambo ni uchafu, na wakaendelea kulitumia kwa kuwa lilikuwa bure na lilikuwa karibu.

Nani amebeba furushi?

Hakuna sera isiyomuumiza mtu. Anayekwambia ipo, anakuuzia kitu. Swali la mchambuzi ni nani anaumia, kwa kiasi gani, na kama anaweza kuhimili.

Linganisha adhabu. Kenya iliweka faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 za huko, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Kanuni za Tanzania zilipanga ngazi: mtengenezaji au mwingizaji, shilingi milioni 20 hadi bilioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 2, muuzaji, shilingi 100,000 hadi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, anayekutwa nao mkononi, shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7. Ngazi hizo zina hekima. Faini kubwa mno kwa mtu mdogo huishia kutotozwa, kwa sababu hata hakimu anaona aibu kuitamka, au hugeuka mtaji wa rushwa: ukitishwa kwa mamilioni, elfu hamsini ya pembeni inaonekana hisani.

Wenye viwanda nao walipiga kelele. Chama cha wenye viwanda nchini Kenya kilisema ajira zaidi ya 60,000 zingepotea na viwanda 176 vingefungwa. Watu wakagawanyika: wengine wakaziamini namba hizo kama zilivyo, wengine wakazitupa kwa kuwa zimetoka kwa mwenye maslahi. Zote mbili ni njia za mkato. Takwimu ya mwenye maslahi inaweza kuwa ya kweli. Unachofanya ni kuuliza ilivyohesabiwa: je, hizo ni ajira za kiwandani tu, au ndani yake kuna kijana anayetembeza mifuko sokoni, ambaye kesho anaweza kutembeza vikapu? Na washona mifuko ya vitambaa, watengeneza bahasha za kaki na wasuka makapu wa ukili wamehesabiwa upande wa pili? Uliza hayo hata kwa takwimu za serikali, maana nayo ina maslahi yake.

Aliyesahaulika zaidi katika mabishano yale alikuwa mnunuzi wa kidogokidogo. Mwenye gari anakwenda dukani mara moja kwa wiki, na mfuko mmoja mkubwa kwake si kitu. Anayenunua mafuta ya kipimo, unga robo na dagaa wa mia tano kila jioni alikuwa akipewa vifuko vitatu bure. Katazo lilipokuja, gharama ya kubebea ikaanza kuukaribia ukubwa wa gharama ya kinachobebwa. Kumbuka mtu huyu, maana ndiye aliyelirudisha rambo.

Kupima: mifuko iliyokamatwa haitoshi

Ikifika wakati wa tathmini, ofisi nyingi hutoa ripoti ya namna hii: tumefanya operesheni kadhaa, tumekamata tani kadhaa, tumetoza faini kadhaa. Hizo ni hesabu za kazi iliyofanyika. Matokeo ni jambo jingine. Zahanati inaweza kugawa vyandarua elfu moja na malaria isipungue, ikiwa vyandarua vimekwenda kuzungushiwa bustani za mchicha. Wingi wa mifuko iliyokamatwa unaweza hata kumaanisha kinyume cha ushindi: ikiwa miaka kadhaa baada ya katazo bado unakamata tani kwa tani, kuna mtu anaileta.

Mtego mwingine ni wa "kabla na baada". Katazo la Tanzania lilianza Juni 1. Kwa Dar es Salaam, mwezi wa Mei ndio masika yanapoishia. Kwa hiyo aliyepita Msimbazi mwezi Julai 2019 akaona mifereji imekauka na kutulia, angeweza kuapa kwamba sera imefanya kazi. Kisha vuli ya mwaka huohuo ikaja na mvua kubwa isiyo ya kawaida katika Afrika Mashariki, kutokana na hali ya joto katika Bahari ya Hindi, na mafuriko yakatokea. Mtu yuleyule angeweza sasa kuapa kwamba sera imeshindwa. Viapo vyote viwili havina msingi. Swali sahihi ni gumu zaidi: mvua ileile ingenyesha na mifuko bado ikiwapo, hali ingekuwaje? Jibu lake halionekani kwa macho, kwa hiyo mchambuzi hutafuta kitu cha kulinganisha: mtaa na mtaa, mji na mji, nchi iliyokataza na jirani ambaye hakukataza, huku akijua kwamba majirani hawafanani.

Baada ya hapo anauliza watu wamehamia wapi. Sera ni kama maji ya bomba: ukiziba tundu moja, hayapotei. Kanuni za 2019 ziliacha nje, kwa sababu zinazoeleweka, vifungashio vya bidhaa za viwandani, kilimo, huduma za afya na kadhalika. Huwezi kuuza mkate au dawa bila kifungashio. Basi vile vifuko vyepesi vinavyong'aa, vya kufungia karanga, ubuyu na barafu, vikaanza kupewa kazi mpya. Nyanya ndani. Dagaa ndani. Ndizi mbivu ndani, huku zinachungulia. Havikuwa na mikono ya kushikia, lakini mtu hufunga fundo. Yule mnunuzi wa kidogokidogo alikuwa amepata jibu lake, na muuzaji hakuwa na sababu ya kumnyima. Mwaka 2021 serikali ilibidi itangaze mapambano mengine, safari hii dhidi ya vifungashio vilivyogeuzwa vibebeo.

Wengi huliona jambo hili kama ukaidi wa Waswahili. Mimi naona kanuni ilizuia mfuko bila kushughulikia kazi ambayo mfuko ulikuwa ukiifanya. Mtu wa dagaa wa mia tano bado alihitaji kitu cha kubebea, cha bei inayolingana na dagaa wa mia tano, na hakuna aliyemtengenezea. Kenya yalitokea mengine: mifuko ileile ikawa inavushwa kutoka nchi jirani, Tanzania ikiwamo kabla ya 2019. Rwanda vilevile imehangaika na magendo kutoka Kongo. Bidhaa inayotakiwa hutafuta mpaka.

Kuna tabaka moja zaidi, nalo huwachanganya hata wasomi. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa utafiti uliolinganisha aina za mifuko, na ukaonyesha kwamba mfuko wa pamba unatakiwa utumike maelfu ya safari ili madhara yake yote kwa mazingira yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki. Maelfu! Habari hiyo ilishangiliwa sana na wapinzani wa makatazo. Lakini soma walichohesabu: maji, nishati, kemikali, hewa chafu, tangu mfuko unapotengenezwa hadi unapochomwa. Plastiki inayotapakaa ovyo haikuwamo katika hesabu, maana Denmark taka za nyumbani huchomwa kwenye mitambo na kugeuzwa joto na umeme. Kwa Copenhagen hesabu hiyo inaweza kukaa sawa. Kwa mji ambao mfuko uliotumika huishia mferejini au tumboni mwa mbuzi, sehemu kubwa ya tatizo imeachwa nje ya mizani.

Mifuko kumi na minne

Kabla ya kuandika makala haya nilikwenda nyuma ya mlango wa jiko letu kuhesabu "mifuko mbadala", ile laini kama kitambaa iliyochukua nafasi ya rambo. Iko 14. Miwili imechanika mikono, mmoja unatunzia vitunguu, mingine sikumbuki imeingia lini. Kila mmoja ulinunuliwa siku niliyosahau kubeba wa jana.

Ukiutazama kwa haraka unadhani ni kitambaa. Ni polipropilini, plastiki iliyotengenezwa nyuzinyuzi na kubanwa pamoja. Ndiyo maana Tanzania iliwekea mifuko hiyo kiwango cha uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili iwe ya kutumika mara nyingi. Kenya mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ilitangaza kuizuia, kwa kuwa ilikuwa ikitengenezwa hafifu na kutupwa kama ile ya zamani; suala likaishia mahakamani. Nayo gramu 70, kama zile mikroni 30, haionekani kwa macho ya askari wa sokoni.

Jana nimetumwa vitunguu. Nimefika sokoni mikono mitupu.